Saa nne usiku: maisha ya wageni wakazi nchini Thailand chini ya amri ya kijeshi ya kutotoka nje, 2014

1. Utangulizi

Amri ya kutotoka nje usiku si jambo la kufafanuliwa kwa kirefu mbele ya wasomaji wa jarida hili. Mtu aliyeishi Kinshasa, Goma, Bukavu au Bunia katika miaka thelathini iliyopita anajua maana ya kutazama saa ukutani na kuupima umbali wa nyumbani kwa dakika badala ya kilomita. Lakini ujuzi huo una hatari yake. Kwa kuwa tumeizoea amri hiyo, twaweza kudhani kwamba ni kitu kimoja kila mahali, na kwamba humwangukia kila mtu kwa uzito uleule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo.

Tumechagua mfano wa mbali: Thailand ya mwaka 2014. Sababu za uchaguzi huo ni tatu. Kwanza, nchi hiyo imepitia mapinduzi mengi ya kijeshi. Kwa hesabu ya kawaida, mapinduzi ya 2014 yalikuwa ya 12 kufanikiwa tangu ufalme usio na katiba ulipokomeshwa mwaka 1932. Pili, Thailand ni makao ya wageni wengi mno wa aina mbalimbali, kuanzia wastaafu wa Ulaya hadi wavuvi wa Myanmar. Tatu, amri ya mwaka huo ilienea nchi nzima kwa takriban majuma matatu, kwa hiyo yatupa nafasi ya kulinganisha: sheria moja, saa moja, usiku mmoja, lakini watu wenye hali tofauti.

Swali letu basi ni hili: je, amri ya kijeshi ilibadili nini katika maisha ya kila siku ya mgeni mkazi? Na swali hilo lazaa jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi: tunaposema «mgeni mkazi», tunamtaja nani, na tunamsahau nani?

2. Maneno na saa

Katika toleo la masomo ya Kiswahili, yafaa kuanza na maneno. Wengi wetu nchini Kongo huiita amri hii kwa jina lake la Kifaransa, couvre-feu, yaani «funika moto». Jina hilo ni kumbukumbu ya Ulaya ya zamani, ambako kengele ililia jioni ili kila nyumba ifunike makaa yake, mji usije ukaungua. Afrika ya Mashariki husema «kafyu», neno lililopitia Kiingereza lakini lenye asili hiyohiyo ya Kifaransa. Wathai nao wamelichukua neno la Kiingereza na kulitamka kwa namna yao. Hivyo watu wa Bukavu, wa Nairobi na wa Bangkok hutumia tawi la mti mmoja. Hata hivyo, kengele ya zamani ilikusudiwa kumlinda mwenye nyumba dhidi ya moto wake mwenyewe. Amri ya kisasa humlinda zaidi mwenye amri dhidi ya mwenye nyumba.

Jambo la pili lahusu saa. Amri ya Mei 2014 ilianza saa 22.00 na kuisha saa 05.00 kwa hesabu ya kimataifa. Lakini Mthai wa kawaida, katika mazungumzo, haiiti saa ile «kumi» wala «ishirini na mbili». Husema si thum, yaani «nne za usiku». Hesabu ya jadi ya Wathai huanza upya baada ya jua kutua: saa 19.00 ni moja, saa 20.00 ni mbili, saa 22.00 ni nne. Msemaji wa Kiswahili anayeusikia usemi huo hana haja ya kutafsiri chochote, kwani kwake pia ni saa nne usiku. Mzungu aliyeishi Bangkok miaka kumi alilazimika kujifunza hesabu hiyo kwa taabu. Mtu wa Tanga au Kalemie angeielewa mara moja. Baada ya saa sita usiku njia zetu huachana, maana Wathai huanza tena kuhesabu kutoka moja, na saa yetu ya kumi na moja alfajiri kwao ni ya tano. Tumelitaja jambo hili dogo kwa sababu latukumbusha kwamba ukaribu na mwenyeji haupimwi kwa wingi wa fedha.

Jambo la tatu ni majina ya wageni. Kithai kina neno farang kwa Mzungu. Neno hilo lilisafiri kutoka kwa Wafaranki wa Ulaya, likapitia Waarabu na Waajemi, na ni ndugu wa neno letu «Ufaransa». Kina pia neno khaek, ambalo maana yake ya asili ni mgeni anayekaribishwa nyumbani, lakini ambalo mitaani humtaja Mhindi, Mwarabu, Mmalei au Mwislamu wa kusini, hata kama babu wa babu yake alizaliwa hapohapo. Na kina usemi wa kiserikali raeng-ngan tang dao, yaani «nguvukazi ya kigeni», kwa ajili ya wafanyakazi kutoka Myanmar, Kambodia na Laos. Tutaona kwamba usiku wa amri uliyafuata majina haya kwa uaminifu mkubwa.

3. Amri zilizotangulia

Amri ya 2014 haikuzuka ghafula. Msingi wake wa kisheria ni Sheria ya Utawala wa Kijeshi ya mwaka 1914, iliyotungwa katika enzi ya mfalme Vajiravudh, nayo humpa mkuu wa jeshi uwezo wa kuwazuia raia kutoka nje kwa saa anazozitaka. Miji ya Thailand iliijua hali hiyo baada ya mauaji ya wanafunzi katika chuo kikuu cha Thammasat tarehe 6 Oktoba 1976, na tena Mei 1992, jeshi lilipowafyatulia risasi waandamanaji wa Bangkok waliompinga jenerali Suchinda Kraprayoon. Mapinduzi ya Septemba 2006, kinyume chake, yalikuja na vifaru lakini yakaiacha Bangkok itembee usiku. Wakazi na watalii walipiga picha kando ya askari waliofunga utepe wa manjano.

Tarehe 19 Mei 2010 hali ilikuwa tofauti. Jeshi lilivunja kambi ya waandamanaji wa «mashati mekundu» katikati ya Bangkok, duka kubwa la CentralWorld likawaka moto, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi katika Bangkok na mikoa 23. Machafuko ya Aprili na Mei mwaka huo yaliua watu zaidi ya 90. Miongoni mwao walikuwamo waandishi wawili wa kigeni: Hiro Muramoto, mpiga picha wa Kijapani, aliyeuawa tarehe 10 Aprili, na Fabio Polenghi, Mwitalia, aliyeuawa tarehe 19 Mei. Kwa hiyo, wageni waliokuwapo Bangkok miaka minne baadaye hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba pasipoti huzuia risasi.

Ipo historia nyingine ya amri hizi, isiyosimuliwa sana. Katika mikoa ya kusini kabisa, Yala, Pattani na Narathiwat, ambako wakazi wengi ni Wamalei Waislamu, utawala wa kijeshi ulirudishwa mwaka 2004. Mwaka 2007 wilaya za Yaha na Bannang Sata mkoani Yala ziliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, wakati fukwe za utalii, umbali wa kilomita mia chache tu, zilikuwa zikicheza ngoma hadi alfajiri. Na katika miaka 2006 na 2007 wakuu wa mikoa kadhaa, miongoni mwao wa Phuket na Ranong, walitoa maagizo yaliyowahusu wafanyakazi wahamiaji peke yao: wasitoke usiku, wasitumie simu za mkononi, wasiendeshe pikipiki. Tunaomba msomaji aukumbuke mkoa wa Phuket, tutaurudia.

4. Usiku wa tarehe 22 Mei 2014

Tangu Novemba 2013 waandamanaji walioongozwa na Suthep Thaugsuban walikuwa wakidai serikali ya Yingluck Shinawatra iondoke. Mwezi Januari 2014 walifunga njia panda kubwa za Bangkok. Uchaguzi wa tarehe 2 Februari ulibatilishwa na mahakama mwezi uliofuata, na tarehe 7 Mei Mahakama ya Katiba ikamwondoa Yingluck madarakani. Tarehe 20 Mei, saa tisa usiku, mkuu wa jeshi la nchi kavu, jenerali Prayuth Chan-ocha, alitangaza utawala wa kijeshi huku akisisitiza kwamba hayakuwa mapinduzi. Siku mbili baadaye aliwaita viongozi wa pande zote katika klabu ya jeshi kwa mazungumzo. Walipoingia walikuwa wanasiasa. Walipotoka walikuwa mahabusu. Jioni hiyo jenerali akatokea katika televisheni na kutangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka, na usiku uleule amri ya kutotoka nje ikaanza.

Kwa mgeni mkazi, habari ilifika kwa njia ya ukimya. Vituo vyote vya televisheni vilikatizwa, pamoja na vituo vya habari vya nje; kwenye kioo zikabaki nembo za majeshi na nyimbo za kizalendo. Mtandao wa intaneti uliendelea kufanya kazi, na huko ndiko wageni walikoulizana maswali ya mtu ambaye hajui sheria za nyumba aliyomo: je, saa nne maana yake kuwa ndani ya chumba, au ndani ya jengo? Je, mwenye ndege ya saa nane usiku afanye nini? Je, mgonjwa? Majibu yalitolewa kidogo kidogo. Abiria wa ndege waliruhusiwa kupita wakionyesha pasipoti na tiketi. Wagonjwa na wafanyakazi wa huduma za lazima nao waliachiwa nafasi. Ilikatazwa watu watano au zaidi kukusanyika kwa shughuli za kisiasa, na tangu tarehe 25 Mei wavunjaji wa maagizo ya jeshi waliweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

5. Siku za mgeni mkazi

Maisha ya kila siku yalibadilika kwanza katika usafiri. Bangkok ni mji unaoishi jioni, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya foleni. Baada ya amri, treni za mjini zilifunga mapema, na saa moja na saa mbili usiku zikawa saa za msongamano kuliko zote: mamilioni ya watu walitaka kufika nyumbani kwa wakati mmoja. Mwenye fedha alipanda teksi na kulipa bei aliyotajiwa. Asiye nazo alisubiri basi huku akiangalia saa.

Jambo la pili ni chakula. Wengi wanaoishi katika vyumba vya kupanga vya Bangkok, wageni kwa wenyeji, hawapiki sana. Hununua kwa mama wa kibanda cha barabarani au katika duka la saa zote. Kampuni ya 7-Eleven peke yake ilikuwa na maduka zaidi ya 7,000 nchini wakati huo, na mengi hayakuwa na desturi ya kufunga milango yake. Usiku wa kwanza wa amri watu walipanga mistari ya kununua maji, tambi na mchele. Baada ya siku chache mistari ilikwisha, kwani bidhaa hazikupungua. Kilichobaki ni mazoea mapya ya kununua mapema na kulala mapema. Wageni wengi waliandika, kwa mshangao, kwamba kwa mara ya kwanza walisikia vyura na mbwa katika mtaa ambao sauti yake ya kawaida ni pikipiki.

Jambo la tatu ni watoto na kazi. Shule zote ziliamriwa kufungwa kuanzia tarehe 23 hadi 25 Mei. Wajapani, ambao kwa makumi ya maelfu huishi Bangkok na katika miji ya viwanda, hasa kwa sababu ya kampuni za magari, walikabiliwa na tatizo la zamu za usiku. Kiwanda hakizimwi kama taa, na zamu iliyopangwa kubadilishana usiku wa manane ililazimika ama kuanza kabla ya amri ama kulala kiwandani. Wamiliki wa mabaa na mikahawa, wengi wao wageni walioshirikiana na wake au wabia wa Kithai, walipoteza saa zilezile ambazo ndizo riziki yao. Hapa hapana budi kuongeza kwamba mwenye baa alipoteza faida, lakini mhudumu, mpishi wa usiku, dereva wa tuk-tuk na muuza mishikaki walipoteza mlo. Mgeni mwenye pensheni alipoteza matembezi tu.

Jambo la nne ni woga wa karatasi. Mgeni mkazi nchini Thailand huishi kwa mhuri: kila siku 90 hutakiwa kuripoti anwani yake kwa idara ya uhamiaji. Katika mwezi uleule wa Mei 2014 idara hiyo ilikuwa imeanza kuwazuia wale walioishi nchini miaka mingi kwa kuvuka mpaka na kurudi siku hiyohiyo ili wapate muda mpya wa utalii, na ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 12 Agosti viwanja vya ndege navyo vitafungwa kwao. Utaratibu huo haukutokana na mapinduzi, lakini uligongana nayo katika mawazo ya watu. Walimu wa Kiingereza wasio na kibali, wauzaji wa mtandaoni na vijana wa kuzamia majini waliona kuwa milango miwili inafungwa kwa pamoja, wa usiku na wa mpaka.

Baadhi ya Waafrika walikuwamo katika usiku huo. Kwa miongo kadhaa wafanyabiashara kutoka bara letu wamenunua nguo za jumla katika soko la Pratunam na kulala katika hoteli za barabara ya Sukhumvit, karibu na mtaa wa Waarabu. Wengine, hasa wa Afrika ya Magharibi, huuza vito katika mji wa Chanthaburi, mashariki mwa Bangkok. Uhusiano huo una njia mbili: vito vya Tunduru, Tanzania, vilipoibuka kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi wa Kithai walifika hadi huko kusini mwa Tanzania, na mawe ya Winza yaliyogunduliwa mwaka 2007 nayo yalifuata njia ya Bangkok. Mfanyabiashara wa namna hii hakai miaka kumi wala hakai siku tatu. Hukaa mpaka mzigo wake utimie. Kwake kila usiku wa hoteli una bei, na soko linalofunga mapema humaanisha siku za ziada za kulipia kitanda.

Hata hivyo, ukweli wapaswa kusemwa: kwa mgeni aliyeitwa farang, amri ilikuwa usumbufu, si hatari. Jeshi lilitaka kuonekana kwamba linarudisha amani. Mwezi Juni lilipanga sherehe zenye muziki na chakula cha bure chini ya kaulimbiu ya kuwarudishia watu furaha, na hata wimbo wenye maudhui hayo ulitungwa kwa jina la jenerali mwenyewe. Tarehe 28 Mei saa za amri zilipunguzwa zikawa kati ya saa sita na saa kumi usiku. Tarehe 3 Juni amri iliondolewa Pattaya, kisiwa cha Samui na Phuket, kisha katika sehemu nyingine za utalii, na tarehe 13 Juni nchi nzima ikafunguliwa. Kombe la Dunia la kandanda lilikuwa limeanza huko Brazil, na watawala wapya walihakikisha kwamba mechi zote zaonyeshwa bure.

Waswahili husema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Orodha ya miji iliyofunguliwa kwanza yaweza kusomwa kama tafsiri ya methali hiyo katika lugha ya uchumi. Mwaka 2013 watalii milioni 26.5 waliingia Thailand. Mwaka 2014 walishuka hadi milioni 24.8. Mgeni ndiye aliyefunguliwa mlango, ili mwenyeji apone mfukoni.

6. Wageni wasioitwa wageni

Sasa tuurudie mkoa wa Phuket. Tumesema kwamba amri iliondolewa huko mapema kuliko karibu kila mahali, ili watalii wasikimbie. Lakini tumesema pia kwamba mkoa uohuo ulikuwa, miaka michache kabla, umewawekea wafanyakazi wa Myanmar amri yao peke yao, pasipo mapinduzi wala vifaru wala tangazo la televisheni. Mjenzi wa hoteli aliamriwa kukaa kambini usiku, ili mlala hoteli atembee ufukweni kwa amani. Kwa mtu huyo mwaka 2014 haukuleta jambo jipya. Kilichokuwa kipya ni kwamba kwa majuma machache watu wengine walionjeshwa hali yake.

Tarehe 11 Juni 2014, siku mbili tu kabla ya nchi kufunguliwa, msemaji wa jeshi alitangaza kwamba wafanyakazi wa kigeni wasio na karatasi watakamatwa na kurudishwa kwao. Tangazo lilikuwa fupi. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Uvumi ulienea kwamba askari wanavamia kambi na kwamba watu wanapigwa risasi. Katika muda wa majuma mawili hivi, Wakambodia zaidi ya 200,000 walivuka mpaka, wengi kwa kupitia Aranyaprathet na Poipet, wakisafirishwa kwa malori ya jeshi na ya polisi, au kwa magari waliyoyalipia wenyewe. Walibeba feni, majungu na watoto. Viwanja vya ujenzi vya Bangkok vilisimama, na waajiri wakalalamika. Tarehe 30 Juni watawala walianza kufungua vituo vya kuwaandikisha wafanyakazi wahamiaji, na wengi wa waliokimbia wakarudi, safari hii wakiwa na deni la nauli na la karatasi.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana waziwazi. Wakati uleule ambapo mgeni wa kwanza alifurahia kurudishiwa usiku, mgeni wa pili alinyang'anywa mchana. Wote wawili walikuwa raia wa nchi nyingine na walikuwa chini ya amri ileile. Baadhi ya Wazungu waliofundisha bila kibali walikuwa, kisheria, katika kosa lilelile la Mkambodia aliyechanganya saruji bila kibali. Lakini hakuna malori yaliyowapeleka mpakani.

Na yupo mgeni wa tatu, ambaye amri ilimzalisha. Watawala wapya waliwaita mamia ya watu wajitokeze mbele ya jeshi: wanasiasa, waandishi, wahadhiri. Pavin Chachavalpongpun, mwalimu wa elimu ya siasa katika chuo kikuu cha Kyoto, alikataa kuitikia mwito. Hati ya kukamatwa ikatolewa na pasipoti yake ikafutwa. Hivyo Mthai akawa mgeni asiye na nchi ugenini, katika mwaka uleule ambapo wageni wa nchi nyingi walikuwa wakiombwa waendelee kuja Thailand. Wasomaji walio vyuoni hawana budi kulitafakari jambo hilo.

7. Nani huuandika usiku?

Swali la mwisho ni la mbinu ya historia. Mtafiti anayetaka kuandika juu ya amri ya 2014 atakuta habari tele: magazeti ya Kiingereza ya Bangkok, mojawapo lililoanzishwa tangu 1946, barua za wastaafu kwa jamaa zao, shajara za walimu, picha za barabara tupu. Atakuta pia ucheshi mwingi, kwa sababu mtu asiyeogopa huweza kucheka. Ushahidi huo una thamani. Ndio unaotuambia treni zilifunga lini, bei ya teksi ilipandaje, na vyura walisikika wapi. Raia wa Kithai aliyejua kwamba neno moja laweza kumfikisha mahakama ya kijeshi aliandika machache. Mgeni, aliyejiona yuko nje ya ugomvi, aliandika mengi.

Lakini wingi wa ushahidi si ukamilifu wake. Mfanyakazi wa Myanmar katika viwanda vya samaki vya Samut Sakhon, au Mkambodia aliyepanda lori usiku, hakuacha shajara. Tukiziunganisha shajara za waliobaki salama na kuziita «maisha ya wageni chini ya amri», tutakuwa tumeandika historia ya balkoni, yaani ya wale walioutazama usiku kutoka juu.

Sisi Wakongo tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu. Tarehe 23 Septemba 1991, uporaji ulipozuka Kinshasa, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yalikuja kuwahamisha raia wa kigeni, na sehemu kubwa ya masimulizi yaliyosomwa duniani ilitoka katika vinywa vya waliopanda ndege. Waliobaki bila kazi, baada ya viwanda na maduka kuporwa, walisikika kidogo, na wengi wao wamefariki kabla hatujawauliza. Tunaposoma habari za Bangkok twaweza kuliona kosa la wenzetu kwa urahisi; ni vigumu zaidi kuliona la kwetu.

8. Hitimisho

Amri ya 2014 iliondolewa baada ya siku zipatazo 22, lakini utawala wa kijeshi uliendelea hadi tarehe 1 Aprili 2015, ukafuatwa na mamlaka ya pekee ya jenerali chini ya katiba ya muda. Mwaka 2020, jenerali yuleyule akiwa waziri mkuu, amri ya kutotoka nje usiku ilirudi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, kuanzia tarehe 3 Aprili hadi katikati ya Juni, na tena mwaka 2021 katika Bangkok na mikoa kadhaa. Saa ya kuanzia mwaka 2020 ilikuwa ileile: nne za usiku. Watu walikwisha kuizoea.

Tumejaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba amri ya namna hii haiwalinganishi watu. Huzifichua tofauti zilizokuwapo kabla yake. Ilimkuta mstaafu na pensheni yake, mhudumu na ujira wake wa siku, mchuuzi wa Kiafrika na bili yake ya hoteli, na mhamiaji asiye na karatasi na woga wake, ikamwachia kila mmoja alichokuwa nacho au ikamnyang'anya. La pili ni kwamba neno «mgeni» halimtaji mtu kwa jinsi alivyo, bali kwa jinsi mwenyeji anavyomhitaji.

Methali yetu yasema: «Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.» Maana yake ni kwamba kazi humtoa mtu katika ugeni na kumwingiza katika nyumba. Nchini Thailand, kama katika nchi nyingi za leo, methali imegeuzwa. Aliyekaa miaka ishirini bila kushika jembe huendelea kukaribishwa kama mgeni wa siku ya kwanza. Aliyepewa jembe siku ya kwanza huhesabiwa mgeni mpaka siku anapofukuzwa. Wanafunzi wetu watakapokusanya masimulizi ya amri za usiku katika miji yetu, za jana na za leo, tunawaomba waanze na wale walioshika jembe. Wengine watajisimulia wenyewe.